Upotoshaji, Mkwaruzo au Mlemeo? Majina ya Makanyagio ya Gitaa la Umeme

Kikundi kimoja cha vijana wapiga muziki wa Konde, katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, kilipeleka ombi la vifaa katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Orodha yao ilikuwa fupi: gitaa moja la umeme, amplifaya moja, nyaya nne, na “kanyagio moja la upotoshaji wa sauti”. Afisa aliyehusika aliviidhinisha vitu vitatu vya kwanza. Pembeni mwa kitu cha nne aliandika kwamba fedha za wananchi hazinunui kifaa cha kupotosha, na kwamba waombaji wajieleze. Waombaji hawakujua la kueleza, na barua ikalala.

Mwenye kutaka kulaumu asimlaumu afisa. Alisoma Kiswahili kilichowekwa mbele yake na akakielewa sawasawa. Kupotosha katika lugha yetu ni kumtoa mtu au jambo katika njia iliyo sawa. Hupotoshwa habari, hupotoshwa ushahidi, hupotoshwa maana ya maneno ya mtu na hupotoshwa watoto wa watu. Neno hili halina upande mzuri hata mmoja, na katika miaka hii limezidi uzito kwa kuwa latumika kila siku juu ya habari za uongo. Ukilibandika juu ya kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kiganja, ambacho kazi yake ni kuipa sauti ya gitaa ukali anaoutaka mpigaji, lawama yote ya neno huingia na kukaa humo kisandukuni.

Neno lenyewe vijana hawakulitunga. Walilitoa katika karatasi ya maelezo ya kanyagio la kuazima, karatasi ambayo ilifasiriwa kwa mashine wala haikupitiwa na mtu. Nimeisoma. Kile ambacho Kiingereza hukiita distoshoni kimekuwa “upotoshaji”. Ovadraivu imekuwa “kuendesha kupita kiasi”, kana kwamba ni onyo la askari wa barabarani. Kitufe cha geini kimeandikwa “faida”, hata msomaji akashauriwa aongeze faida polepole mpaka sauti ivunjike. Hapana mwenye duka katika soko la Konde ambaye asingekitaka kitufe hicho.

Tungeweza kucheka na kupita. Lakini mwalimu atakayefundisha muziki kwa Kiswahili, mfasiri atakayepewa kitabu cha ufundi wa sauti na karani atakayeandika orodha ya vifaa vya chuo, wote watakutana na vitu hivi, na kila mmoja atatunga neno lake. Ndiyo maana yafaa jambo hili lijadiliwe hapa mapema, na kabla ya kulitazama neno yatubidi tukitazame kitu.

Sauti ya gitaa la umeme haitegemei uwazi wa mbao kama ya udi. Waya wa gitaa hutetema mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na mtetemo huo hugeuka kuwa umeme dhaifu wenye kupanda na kushuka kama wimbi. Amplifaya yatakiwa ilikuze wimbi hilo bila ya kulibadili sura. Hata hivyo kila amplifaya ina dari yake. Saketi ndogo inayokula betri ya volti 9 haiwezi kutoa wimbi lenye kimo cha volti 20. Likisukumwa hadi huko, wimbi hugonga dari: vilele vyake huviringika au hukatika, na palipokuwa na mlima hubaki uwanda. Katika kule kukatika huzaliwa mitetemo mipya ambayo haikuwamo katika waya, nayo ndiyo ambayo sikio huihisi kama ukali na ukwaru. Vilele vya juu na vya chini vikikatwa sawasawa, mitetemo izaliwayo ni ya namba witiri ya mtetemo wa asili, yaani mara tatu, mara tano, mara saba. Vikikatwa zaidi kwa upande mmoja, na ile ya shufwa nayo huingia.

Makanyagio ya kazi hii ni ya namna tatu. Namna ya kwanza ni ovadraivu, mfano wake OD-1 ya kampuni ya Boss iliyotoka mwaka 1977, na Tube Screamer ya Ibanez iliyotoka mwaka 1979. Humo daiodi zimewekwa katika njia ya kurudishia sauti ya ile sehemu ya kukuzia, kwa hiyo vilele huviringishwa badala ya kukatwa kwa mkupuo. Lengo lake ni kuiga amplifaya ya valvu, zile za taa za kioo zenye kupata moto, inapobebeshwa zaidi ya uwezo wake. Mpigaji akigusa waya kwa upole sauti hubaki safi. Akitia nguvu ndipo ukwaru hutokeza. Namna ya pili ni distoshoni, kama DS-1 ya Boss ya mwaka 1978. Hapa sauti hukuzwa kwanza, kisha daiodi zilizoelekezwa ardhini huvikata vilele bila huruma, na sauti hubaki kali hata kwa mguso mwepesi. Namna ya tatu ni fazi, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote. Fuzz Face ya mwaka 1966 ina transista mbili tu, nazo hulisukuma wimbi mpaka likakaribia kuwa mraba. Sauti yake ni ya nyuki ndani ya mtungi.

Historia yake yatufaa, maana yaonyesha jinsi ila ilivyogeuka kuwa haja. Mwishoni mwa mwaka 1960, huko Nashville, chaneli mbovu ya mtambo wa studio iliifanya sauti ya gitaa la Grady Martin ikorome katika wimbo wa Marty Robbins. Wimbo ukatolewa hivyo hivyo na ukapendwa. Fundi wa studio ile, Glenn Snoddy, akaunda saketi ya kuileta sauti hiyo kwa makusudi, na kampuni ya Gibson ikaitoa sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro. Link Wray alikuwa amekwisha kutoboa spika zake kabla ya hapo, mnamo 1958, na Dave Davies wa Uingereza alizichana za kwake kwa wembe mwaka 1964. Mwaka 1965 wimbo mmoja wa Rolling Stones ukakitia kifaa cha Maestro katika masikio ya dunia. Basi Waingereza na Wamarekani walipoiita sauti hii kwa jina la kuharibika, walikuwa wakisema kweli ya siku ya kwanza: kitu kiliharibika. Jina likabaki, na maana ikahama. Sisi tunaoipokea sauti baada ya maana kuhama hatulazimiki kuibeba historia ya jina lao.

Na kuna sababu iliyo karibu nasi zaidi. Masikio ya watu wetu hayakungoja umeme ili yapende ukwaru katika sauti. Ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha mbali duniani, ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo huwekwa kwa makusudi ili kila sauti itoke na mzizimo wake. Hapa Pemba wachezaji wa msewe hufunga njuga za majani miguuni, na ngoma isiyo na mchakacho huo haihesabiwi kuwa ni msewe. Hapana mtu aliyewahi kusema kwamba Mgogo anaipotosha ilimba yake. Mtu huyo angeulizwa amefundishwa wapi muziki.

Kwa hiyo “upotoshaji” tuliondoe, na pamoja nalo “uharibifu wa sauti” na “uvurugaji wa sauti”, ambayo pia nimeyaona katika tafsiri. Yote matatu yana kasoro ile ile: yanahukumu kabla ya kueleza. Neno la ufundi halina budi kumwambia msomaji kitu hufanya nini. Kupenda au kutopenda ni kwa sikio lake.

Wapo watakaosema: basi tukope. Vijana wenyewe husema “disto”, na kila kisanduku kimeandikwa Kiingereza usoni. Hoja hii si dhaifu. Gitaa lenyewe ni neno la kukopa, na solo, besi, redio, spika na betri ni maneno yetu leo bila ya shaka yoyote. Sina ugomvi na mkopo. Lakini neno la kukopa hufaa zaidi kwa kitu kuliko kwa tendo, na hapa tunataka tendo. Mwalimu anahitaji kumwambia mwanafunzi kwamba gitaa linafanya hivi, limefanywa hivi, lifanyishwe hivi kidogo, lisifanye hivi. Atanyambua nini kutoka katika “distoshoni”? Ovadraivu nayo ina mwenyewe tayari, maana madereva huitumia kwa gia ya gari, na gia ile huupunguza mzunguko wa injini, jambo lililo kinyume kabisa na kazi ya kanyagio letu. Jina la kampuni na jina la toleo yabaki yalivyo. Dhana iwe na neno lenye mizizi.

Wapigaji wa Kongo waliosoma Kifaransa wana njia yao. Kifaransa huiita sauti hii kwa neno la kushiba, yaani mkondo umejaa na haupokei zaidi. Nililipenda neno hili na nikalijaribu kwa muda: mshibo, sauti iliyoshiba. Halikufaa. Kwetu sauti iliyoshiba ni sauti nene, kamili, ya mwimbaji mwenye pumzi, nayo haina ukwaru hata chembe. Tungemwambia mwanafunzi atafute mshibo, naye angekwenda kuongeza besi.

Nilimwendea fundi mmoja wa redio wa Konde, mtu mzima aliyezikarabati redio tangu zama za kaseti. Sikumtajia neno lolote. Nilimsikilizisha kwa simu vipande vitatu vya gitaa, kimoja kwa kila namna. Cha kwanza alikisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. “Maalim, hii imelemewa,” alisema, “lakini spika yake nzima.” Cha pili alisema, “Hii yaparuza.” Cha tatu hakukisikiliza hadi mwisho: “Hii imekwisha. Yakoroma tu. Niletee niifungue.” Nilipomweleza kwamba watu hulipa fedha ili waipate sauti hiyo, alinitazama kwa muda, kisha akauliza ni kiasi gani.

Katika majibu ya mzee huyu mna istilahi tatu zilizo tayari, na zote zimetoka katika ufundi wenyewe. Napendekeza tuzipokee hivi. Jina la jumla la sifa hii yote liwe mkwaruzo, na kifaa chochote cha jamii hii kiitwe kanyagio la mkwaruzo. Chini yake ovadraivu iwe mlemeo, distoshoni iwe mparuzo, na fazi iwe mkoromo. Kanyagio halihitaji utetezi. Kila nyumba iliyowahi kuwa na cherehani ya miguu yalijua, na kazi ni ile ile, mguu kuamuru ili mikono ibaki katika kazi yake.

Mlemeo ndilo neno ninalolitetea kwa nguvu zaidi, kwa sababu lataja chanzo. Kulemea ni kuzidisha mzigo juu ya kitu kinachobeba. Chombo kikilemewa hakijavunjika. Chaendelea kwenda, ila mwendo wake waonyesha uzito. Ndivyo hasa ilivyo amplifaya ya valvu. Na neno lanyambulika: mpigaji ailemea amplifaya, amplifaya imelemewa, mlemeo umezidi. Mparuzo nao wataja mguso wa kitu kigumu juu ya kitu kigumu, usio na ulaini wa mwanzo wala wa mwisho, na hivyo ndivyo daiodi zinavyokata. Kuhusu mkoromo najua pingamizi litakalokuja, kwamba neno hili ni la kuchekesha, na kwamba haliwezi kuandikwa katika mtihani. Nitajibu kwamba fazi yenyewe kwa Kiingereza ni manyoyamanyoya ya nguo, na mitihani yao yaendelea. Neno la heshima lisilosikika sawa na kitu halitusaidii. Wengine watapendelea mvumo. Nami ningelipendelea, maana nyuki huvuma. Lakini mvumo twauhitaji kwa ile sauti ya chini inayotoka katika amplifaya yenye waya mbaya wa ardhi, na mafundi wamekwisha kuuzoea hivyo.

Kuna pendekezo jingine ambalo nimeliona kwa wenzangu na ambalo kwa nje lapendeza: mkwaruzo laini, mkwaruzo wa kati, mkwaruzo mkali. Ni la utaratibu, rahisi kukumbuka, na litampendeza kila mtunga orodha. Nalikataa. Laini na mkali ni maneno ya kiasi, na tofauti ya makanyagio haya si ya kiasi. Tube Screamer iliyofunguliwa hadi mwisho yaweza kuwa kali kuliko DS-1 iliyofungwa. Kinachozitenga ni pale vilele vinapokatwa na jinsi vinavyokatwa, na namna sauti inavyoufuata au kutoufuata mkono wa mpigaji. Tukitumia neno la kiasi, mnunuzi ataamini kwamba kanyagio moja likizungushwa vya kutosha lafanya kazi ya yote matatu. Atanunua lisilomfaa, na kijana wa Konde hana fedha ya kununua mara mbili.

Hapa ndipo istilahi inapokutana na uchaguzi wenyewe. Muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya umejengwa juu ya magitaa yanayosokotana: solo, solo la pili, ridhimu na besi. Asikilizaye NUTA Jazz, au Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, au Simba Wanyika ya ndugu Kinyonga waliotoka Tanga wakaenda Nairobi, ataona kwamba kila gitaa limeachiwa nafasi yake na kila waya wasikika peke yake. Usafi huu una sababu ya kifizikia. Sauti mbili zikipita pamoja katika kifaa kinachokata vilele, hazizai mitetemo ya kila moja tu, huzaa na ya baina yao. Chukua mtetemo wa 220 kwa sekunde na wa 277, yaani sauti mbili za kodi ya kawaida kabisa. Miongoni mwa inayoweza kuzaliwa ni wa 57, ambao ni tofauti yao, na wa 497, ambao ni jumla yao. Na yote miwili ni migeni katika kodi ile. Chukua sasa 220 na 330: tofauti yao ni 110, ambayo ni ile sauti ya kwanza iliyoshushwa hatua nane. Ndiyo maana wapiga roki hupenda kodi za sauti mbili za namna hiyo, na ndiyo maana ridhimu ya dansi ikipitishwa katika mparuzo hugeuka uji.

Basi kikundi chenye kupiga dansi, au taarabu ya magitaa ya umeme kama ile iliyoanzishwa Tanga na Black Star, chahitaji mlemeo, tena mdogo, kwa ajili ya solo tu, ili waya mmoja upate mwili na urefu bila ya kuwafunika wenzake. Kikitaka kupiga roki, au kuzifuata nyayo za Wazambia wa miaka ya 1970 kama kundi la WITCH, au za Sunburst wa Dar es Salaam waliotoa santuri ya Ave Africa mwaka 1976, hapo mparuzo na mkoromo vina kazi. Vijana wetu, nilipowauliza, walisema hupiga taarabu siku za harusi na dansi siku nyingine. Waliloliomba kwa jina la upotoshaji lilikuwa mparuzo. Lililowafaa lilikuwa mlemeo. Kama afisa angeliidhinisha ombi lao bila ya kuuliza, wangepata kifaa kizima kisichofaa kazi yao, na hata hapo lugha isingeshitakiwa.

(Kwa njia, wapo wanaodhani kwamba Fundi Konde, Mkenya wa Pwani aliyeishi 1924 hadi 2000 na ambaye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme katika Afrika Mashariki, alitoka katika mji huu. Ni jina tu. Mji haukumzaa, ingawa ningependa uwe ulimzaa.)

Mambo mengine ya uchaguzi yanahusu mahali zaidi kuliko muziki. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na hali si ile ya zama za majenereta. Hata hivyo kanyagio linaloweza kula betri ya volti 9 lina faida yake (faida ya kweli, si ile ya kitufe), maana mlemeo wa kawaida hula umeme kidogo mno na betri moja hudumu. Anayetumia adapta atazame ncha. Makanyagio mengi ya Boss na Ibanez hutaka ncha hasi iwe katikati ya plagi, na ya kizamani ya aina ya Fuzz Face mara nyingi yamepangwa kinyume. Maneno “hasi katikati” yaandikwe hivyo katika kila tafsiri, kwa herufi zinazosomeka, kwa kuwa kosa hapa huunguza kifaa. Na anayetamani mkoromo wa transista za jerimani, kama za Fuzz Face ya kwanza, ajue kwamba transista hizo hubadilika tabia kwa joto. Zilisifiwa London. Katika ukumbi wa mabati wa Konde mwezi wa Februari, sauti iliyopangwa jioni haitakuwa ile ile saa nne za usiku watu wakishajaa. Za silikoni hustahimili zaidi, na kwetu ndizo za kununua.

Yamebaki maneno ya vitufe. Kitufe cha sauti, yaani ukubwa wa kinachotoka, hakina tatizo: kiwango chatosha. Kitufe cha toni kiachwe toni. Kilichoandikwa draivu katika makanyagio ya mlemeo kiitwe kwa jina la kazi yake, mlemeo, na katika ya mparuzo kiitwe mparuzo, ili mtumiaji ajue anazidisha nini. Geini ni ngumu zaidi, kwa sababu ni neno la uhandisi lenye kipimo, nalo litahitajika pia katika redio na simu. Ukuzaji naliona lafaa, na “kiwango cha ukuzaji” panapotakiwa namba. Kwa amplifaya yenyewe nimelitumia neno la kukopa makusudi. Kipaza sauti, ambacho wengine wangekitaka hapa, tayari chabeba mizigo miwili, maana wengine hukiita hivyo maikrofoni na wengine spika, na aliyepata kuandaa mkutano anajua vurugu inayotokea mtu akiambiwa alete vipaza sauti viwili.

Nafahamu kwamba neno halisimiki kwa kupendekezwa. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, yana taratibu zake za kusanifisha, na orodha hii fupi itapita huko kama nyingine. Mwangwi, ambao wapigaji wote huutumia kwa ile sauti ya kurudia bila ya kuuliza nani aliusanifisha, waonyesha kwamba neno likikitaja kitu sawasawa hupokewa upesi. Wasomaji walio Tanga, Mombasa, Morogoro, Bujumbura, Bukavu na kwingineko waombwa kutuletea maneno yanayotumiwa na wapigaji na mafundi wa kwao kwa sauti hizi tatu, hasa panapokuwa na neno lililo bora kuliko mparuzo, ambalo kati ya matatu ndilo ninaloliona dhaifu. Tafadhali neno liletwe pamoja na sentensi ambamo limesikiwa, na kazi ya aliyelitamka.